Nyuzi za Maua Nilizikata Mimi

Tusekile mwanangu, salamu, ugonile.

Usishangae mwandiko. Mkono ni wa Bi Zuhura wa dukani, maneno ni ya mama yako. Nimekaa kwenye kiti chake cha plastiki hapa barazani, jua bado lipo, na kila akija mtu wa sukari Bi Zuhura anaweka kalamu chini anakwenda kupima. Akirudi nakuta nimeshasahau nilikuwa wapi. Kwa hiyo ukiona maneno yanaruka, ruka nayo tu.

Asubuhi uliniuliza, "Mama, unakwenda wapi na kitenge kipya?" Nikasema nakwenda kununua chumvi. Chumvi ipo. Ipo kwenye kopo, imejaa. Nilikuja huku kwa sababu kuna kitu nimeshindwa kukutamkia, na kesho unaondoka kwenda Njombe kwenye hilo shamba lao la maua, na mimi nimebaki na maneno mdomoni kama mtu aliyeweka ugali wa moto.

Mambo ya kuvaa sweta sitakwambia. Mambo ya kula sitakwambia. Wewe ni mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, baba yako tulimzika pamoja, jaruba la mpunga unanishinda kulima. Nikwambie nini mimi kuhusu sweta, na huko kwenye baridi sijafika hata siku moja?

Kitu chenyewe ni hiki. Zile nyuzi zako za rangi, ulizozifunga kwenye shingo za maua, ule mwaka shangazi yako Bupe alikuwa anakaa kwetu. Nilizikata mimi. Siyo shangazi. Mimi, kwa kile kisu cha kuvunia mpunga.

Bi Zuhura ameacha kuandika. Ananitazama. Anasema, "Mama Tusekile, unasema kweli?" Nimemwambia andika, bwana. Anasema, "Kumbe ndizo zile nyuzi alizonunua kwangu? Nyekundu, nyeupe na nyeusi? Mimi nilijua anadarizi vitambaa!" Ehe. Andika na hilo.

Sasa nianzie wapi. Nianze na shangazi yako alipokuja, maana hayo maua ni yeye aliyeyaleta.

Unakumbuka Mto Songwe ulivyohama ukapita kwenye nyumba yake kule Katumba Songwe. Alikuja kwetu na vitu vichache sana. Mimi nikamwambia, wifi, karibu, nyumba ya kaka yako ni yako. Nikatazama mzigo wake, nikitegemea sufuria, nguo, kitu cha maana. Akafungua kitenge, ndani kuna majani! Majani kama mahindi machanga, mizizi ina udongo. Nikamwambia, "Wifi, mto umechukua nyumba, wewe umeokoa nyasi?" Akacheka yule mwanamke, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Siyo nyasi, wifi. Hizi ni delilii." Alizipata ng'ambo, upande wa Karonga, kwa yule mama aliyekuwa anamtunzia bustani miaka mingi. Akazivusha Kasumulu zimefungwa kwenye kitenge, mtu wa forodha akamuuliza ni mboga gani hiyo.

Nikampa kona ile karibu na tangi la maji. Nilimpa kona mbaya, nikwambie ukweli. Kona ambayo hata mchicha ulikataa. Nilifikiri zitaoza zife, tupande bamia. Maana udongo wetu huu mvua ikikaza unakuwa uji. Yeye akainua tuta juu, akaweka maganda ya kakao, akasema mguu wao haupendi kulowa. Zikakaa. Halafu zikatoa maua.

Mwanangu, mimi nimezaliwa Mwaya, nimeona maua. Lakini yale sijui niseme nini. Lile jekundu lenye koo la njano. Lile la zambarau lenye jicho jeusi katikati, na ukingo umekunjwakunjwa kama pindo la gauni la bibi harusi. Lile jingine la marinda juu ya marinda, nikawa natafuta ua lenyewe linaanzia wapi. Nilikuwa natoka asubuhi na kikombe changu cha chai nasimama pale. Nyinyi hamkujua. Mlikuwa mnafikiri nakwenda kuangalia kuku.

Na kitu kimoja kilinichanganya tangu siku ya kwanza mpaka leo kimenichanganya. Leo ua limechanua, nimelisifu. Kesho nakuja, lile limelala, limelowa, kama kitambaa cha kufutia meza. Pembeni yake limechanua jingine, sura ileile, rangi ileile. Sasa nimsifu yupi? Wa jana amekufa, wa leo hanijui. Nikamuuliza shangazi yako. Akasema, "Kila ua siku yake moja, wifi, lakini bua moja lina vichwa vingi." Nikasema aha. Sikuelewa. Nikaenda kupika.

Lakini wewe ulielewa. Hapo ndipo ulipoanza na yeye. Ulikuwa umerudi nyumbani baada ya msiba wa baba yako, ulikuwa husemi, huli vizuri. Mimi nilikuwa nakuita, gwe Tusekile, njoo tuchambue mchele, unakuja, unachambua, mdomo umefungwa. Halafu nakuona na shangazi yako mmechuchumaa kwenye lile tuta, asubuhi umande ukikauka, mnaongea! Mnacheka! Yeye anakuonyesha namna ya kutoa ule unga wa njano kwenye ua hili, kwenda kuupaka kwenye kile kijiti kirefu cha ua lile. Nikipita nasema, mnafanya nini? Wewe unasema, "Mama, wewe huwezi kuelewa." Hukusema kwa ubaya. Najua. Lakini ulisema.

Mteja amekuja. Ngoja.

Haya. Nilikuwa kwenye unga. Hapana, nilikuwa kwenye msiba. Ule msiba wa Matema, yule binamu yangu wa ziwani. Nilikaa kule wiki nzima. Unajua misiba yetu, wanawake mmejaa kwenye mikeka, ndizi zinamenywa, na midomo haina kazi nyingine. Siku ya tatu mama mmoja akaanza kusimulia habari ya nyumba fulani, walikuta nyuzi zimefungwa mlangoni, nyekundu na nyeusi, halafu mwenye nyumba hakumaliza mwezi. Mwingine akasema na mimi naijua moja. Mwingine akasema hata yule tuliyemzika leo, ulizeni vizuri. Mimi nimekaa pale, mjane, baba yako hajamaliza hata mwaka kaburini, nasikiliza. Maneno yakaniingia tumboni, hayakutoka.

Nikarudi. Nyumbani wewe hupo, umekwenda Kyela mjini. Shangazi yako yuko nyuma anafua. Naweka mzigo, nazunguka kunawa miguu pale kwenye tangi, naona. Nyuzi. Kila shingo ya ua lililokauka ina uzi. Nyekundu, nyeupe, nyeusi. Zimefungwa vizuri, kwa fundo dogo, kwa mkono wenye subira. Kwenye uwanja wangu!

Mwanangu, sikuita mtu. Sikujiuliza kitu. Wewe ungesema, kwa nini hukuuliza? Shangazi yako yuko nyuma pale, hatua kumi, ningeita tu, "Wifi, hizi nini?" Lakini nani anamuuliza mchawi? Ndivyo nilivyowaza. Nilichukua kisu nikakata zote, uzi na shingo yake na kale kafuko ka kijani kalikoanza kuvimba chini yake. Nikaweka kwenye ungo, nikazichoma pale jikoni nje, huku naomba Mungu kwa sauti.

Shangazi yako akaja na povu mikononi. Akasema, "Wifi, umerudi! Pole na msiba. Unachoma nini?"

Nikasema, "Takataka."

Akainama akatazama moto. Uzi mmoja mweupe ulikuwa haujashika. Akauona. Akatazama tuta. Akanitazama mimi. Akafuta mikono kwenye khanga, taratibu sana, akasema, "Wifi. Zile zilikuwa za mtoto."

Hapo ndipo akanieleza. Kwamba kila rangi ni kumbukumbu ya baba wa mbegu, nyekundu ni lile jekundu, nyeusi ni lile la jicho, nyeupe ni lile la marinda. Kwamba vile vifuko vingekauka, mngetoa mbegu nyeusi kama pilipili manga, mngeotesha, na kila mbegu ingeleta ua lake, lisilofanana na mama wala baba. Kwamba ulikuwa umeyachagua mwenyewe, umeandika kwenye daftari. Mimi namsikiliza, mkononi bado nina kisu.

Halafu ukaingia wewe.

Sitaki kusimulia sura yako. Ulikuwa umeshika mfuko wa nyanya, ukauweka chini. Ulisema kwa sauti ya chini, "Nani kakata?" Na mimi mama yako, mtu mzima, nikafungua mdomo nikasema, "Sijui. Mimi nimeingia sasa hivi kutoka msibani. Muulize shangazi yako, ndiye aliyeshinda hapa."

Ndivyo nilivyosema. Maneno yenyewe ndiyo hayo. Nimeyakumbuka kila siku.

Ukamgeukia. "Shangazi, ni wewe?" Akanitazama mimi kwanza. Nilijua anasubiri. Alinisubiri, mwanangu, alinipa muda wote mtu anaoweza kupewa. Mimi nikatazama kuku. Akasema, "Basi, nimekosa mimi." Ukamwambia maneno uliyomwambia. Kwamba ana wivu, kwamba maua ni yake na hataki mwingine awe nayo. Asubuhi yake akafunga kitenge chake akarudi Katumba Songwe kwa binamu zake. Tuta akaliacha lote.

Kwa nini alisema amekosa yeye? Hilo nimelizungusha kichwani mpaka kichwa kimechoka. Labda kwa sababu alikuwa anakula kwangu, na mgeni hawezi kumvua nguo mwenye nyumba mbele ya mtoto wake. Wifi kwa wifi tuna heshima zetu. Labda alinionea huruma. Labda alikuwa ananipa nafasi nikwambie mwenyewe, tukiwa wawili. Sijui. Mimi na wewe tulibaki wawili misimu yote hii, na sikukwambia.

Na mimi kwa nini nilisema uongo? Hapo ndipo nachanganyikiwa zaidi. Kukata, nilikata kwa woga, hilo nakuapia. Lakini uongo ulitoka wapi? Woga ulikuwa umeshaisha. Nilikuwa nimeshajua ni nyuzi za Bi Zuhura za kudarizia.

Bi Zuhura anasema, "Ulikuwa na wivu."

Nimemwambia wivu wa nini, wa maua?

"Wa mtoto," anasema. "Alikuwa anacheka na mwingine."

Nimemwambia wewe andika unachoambiwa. Lakini ameandika na hilo, namwona. Sijui mwanangu. Labda. Nikikataa nasikia ninadanganya, nikikubali pia nasikia ninadanganya. Kitu kimoja najua, yule alipoondoka na kitenge chake, ndani ya moyo wangu kuna mahali palipata nafuu. Padogo. Halafu ukaacha tena kuongea, na mimi nikawa nimepata nini?

Nilijaribu kukwambia. Siku ile tunavuna kule chini, umekaa kivulini unakunywa maji, nikasema, "Tusekile, unajua zile nyuzi," ukageuka, macho yako yale, nikasema, "kuku mweupe ametaga kwenye ndoo." Ukasema sawa mama. Siku nyingine nikafungua mdomo, likatoka jambo la dari linavuja. Uongo ukishakaa ndani unageuka mwenyeji, mwanangu, unaanza kukutuma. Unamkwepa mtu, unaacha njia ya Katumba Songwe, watu wakisema Bupe anaumwa miguu unasema aa, pole yake, unaendelea kupepeta.

Halafu kile kifuko kimoja. Unakumbuka, kimoja nilikiruka, kilikuwa chini ya majani, uzi mweupe. Nilikiona wiki iliyofuata nikakimwagilia kila siku bila kukwambia, nikazuia kuku, mpaka wewe ukakiona mwenyewe ukapiga kelele. Mbegu chache tu. Ukaziotesha. Tukangoja, tukangoja, na zilipotoa ua nikakimbia kutazama, nikaona rangi gani ile? Rangi ya maji ya Mto Kiwira mvua imenyesha milimani! Tope! Nikasema moyoni, Mungu wangu, nimemharibia mazuri yote, limebaki hili baya. Na wewe umepiga magoti mbele yake unaliangalia kama umeletewa mtoto mchanga. "Mama, hakuna mtu mwingine duniani mwenye hili." Nikasema kweli, nani angelitaka. Ukacheka. Ulicheka na mimi, siku ile.

Na hao watu wa Njombe katika picha zote ulizowatumia wamependa lilelile la tope. Wanakuita kwa sababu yake. Mimi sielewi kitu. Ninalitazama kila asubuhi, ninageuza kichwa huku, ninageuza huku. Juzi tu, jua lilikuwa linalipiga kwa nyuma, nikaona ndani ya ule utope kuna waridi, na kijani kidogo kooni. Nikasimama mpaka chai ikapoa. Halafu nikasema labda ni macho yangu.

Sasa sikiliza, maana jambo lenyewe ndiyo linafika.

Mpango wangu ulikuwa hii barua niifiche kwenye begi lako, chini ya mashuka, uisome huko ukishafika. Bi Zuhura akaweka kalamu chini. "Yaani umtupie mtoto jiwe, halafu ukimbie? Na huyo mwingine, Bupe, yeye anajua unasema leo?" Nikasema hajui. "Mimi namba yake ninayo, huwa ananitumia watu wa kununua mafuta ya mawese." Akapiga kabla sijakataa. Akanipa simu, sauti kubwa, duka zima linasikia.

"Nani?"

"Mimi. Wifi yako."

Nasikia jogoo kwake. Halafu, "Umekufa?"

"Sijafa."

"Basi nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, wifi. Tusekile anaondoka kesho."

"Nimesikia. Watu wanasema. Mimi sijaambiwa."

Nikamwambia, "Nataka kumwambia zile nyuzi."

Nikafikiri simu imekatika. Halafu sauti yake ikaja imebadilika. "Kumwambia? Ulikuwa hujamwambia?"

"Bado."

"Wifi! Misimu yote hii? Mimi nilijua ulimwambia siku ileile nilipotoka. Nikasema nimeondoka, watakaa wawili, mama atamwambia mtoto wake, mtoto atakuja. Nikakaa nikingoja. Hakuja. Nikasema basi, mtoto anajua kwamba sikukata mimi, na bado hanisalimii. Nikasema ana moyo mgumu, amechukua ujuzi wangu amenitupa." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nimemlaani kidogo, wifi. Mungu anisamehe. Kidogo tu."

Mwanangu. Nilikuwa nafikiri nimeficha kitu chako. Kumbe nilikuwa nimeficha na chake. Wewe ulimwona mbaya kwa ajili yangu, na yeye akakuona mbaya kwa ajili yangu, na mimi katikati ninapepeta mchele. Nimelia hapa dukani kwa watu. Mteja mmoja amesahau chenji yake.

Nikamwambia wifi, nisamehe. Akasema, "Hayo tutaongea. Basi lake ni saa ngapi?" Nikasema saa mbili asubuhi, stendi ya Kyela. Akasema, "Nitakuja. Lakini usianze kulia pale stendi, nitashindwa kupanda gari la kurudi." Akakata.

Kwa hiyo hii barua haiingii kwenye begi. Bi Zuhura ataileta mwenyewe jioni hii akifunga duka, kabla ya giza, akupe mkononi. Mimi nitakuwa nyuma ya nyumba. Ukitaka kuja uje. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, usinifichie, tumeshaficha vya kutosha. Ukitaka kunyamaza mpaka asubuhi nitakuwekea maji ya kuoga kama kawaida, sitasema kitu cha kuku.

Kukwambia kitu cha kuondoka nacho, sina. Ningekuwa na elimu ningekupa maneno mazuri. Ninajua tu kwamba siku ile ilitosha niulize, "Hizi nini?", maneno mawili hayo, na kwamba nilikuwa na aibu ya kuonekana sijui. Miaka yote nimekuwa na aibu hiyo. Wewe huko kwa watu wenye vitabu, kama hujui, sema hujui.

Kesho stendi atakuwepo. Miguu yake imevimba, atakuwa amekaa kwenye ile saruji ya upande wa wauza vitumbua. Sijui atakuwa na sura gani, sijui wewe utakuwa na sura gani, na mimi sijui nitasimama upande upi. Sitawapatanisha, sijui hata inaanzwaje. Nitashika begi lako tu.

Ukimwona, usinigeukie mimi kutaka ruhusa. Nenda ukamwamkie. Mimi nitangoja.

Bi Zuhura amenisomea yote, nimemwambia asifute kitu. Hapa chini ni dole gumba langu, wino ni wa kalamu yake.

Ndaga fijo, asante sana, mwanangu.

Mama yako